PDF inakwama asilimia 67 kila ikipakiwa kwenye mfumo wa nyaraka, shida ni nini?

Karani_Uru

Wakuu, habari za kazi. Ofisi yetu ya AMCOS (chama cha ushirika wa mazao) huku Uru, Moshi, inatakiwa kuingiza nyaraka zote kwenye mfumo wa mtandaoni. Kuna mambo matatu yanagoma:

Kwanza, mikataba ya wakulima. Ni PDF moja, kurasa 62, MB 84. Inapanda vizuri hadi asilimia 67 au 68, kisha inaandika "Upload failed". Kila mara ni hapohapo. Ukurasa wenyewe unasema mwisho ni MB 100, kwa hiyo sidhani kama ni ukubwa.

Pili, picha za fomu zilizopigwa kwa iPhone zinakataliwa papo hapo. Nimebadilisha mwisho wa jina ziwe .jpg, bado.

Tatu, faili linaitwa "Muhtasari wa kikao #3 & mahudhurio 100%.pdf". Lina KB 310 tu. Linafika mwisho kabisa halafu mfumo unalikataa.

Laptopu ni Windows 10, natumia Chrome, intaneti ni hotspot ya simu. Nikipima kasi, kupakua ni Mbps 14, kupakia 1.5.

Fundi_Sakina

Mkuu, hiyo 67 imeshakuambia tatizo. Mtandao ukikatika, faili hufia popote: sasa hivi 20, baadaye 81. Likifia palepale kila mara na kasi haibadiliki sana, kuna saa inahesabu upande wa seva.

Piga hesabu. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo MB 84 mara 8 ni megabiti 672. Kwa kasi yako ya megabiti 1.5 kwa sekunde zinahitaji sekunde 448, karibu dakika saba na nusu. Ndani ya sekunde 300 unakuwa umepeleka megabiti 450, yaani MB 56 na ushee, na hiyo ni asilimia 67 ya 84. Karibu nina hakika seva imewekewa kikomo cha dakika 5. MB 100 zinaruhusiwa, ila kwa mwenye kasi ya kuzifikisha kabla muda haujaisha. Na ile 14 ya kupakua isikudanganye, hapa haina kazi.

Kuhakikisha: bonyeza F12, fungua Network, kisha pakia faili ukiwa hapo. Mstari mwekundu ukitokea, soma Status na Time. 408 au 504 ni muda umeisha. 413 ni faili kubwa mno, hata kama ukurasa unasema vingine. 401 ni mfumo umekutoa nje faili likiwa njiani, ingia upya. Ukikuta "(failed)" bila namba yoyote, muunganisho umekatika, na hapo ndipo uanze kuulaumu mtandao.

Dawa ni skana. MB 84 kwa kurasa 62 ni zaidi ya MB 1.3 kwa ukurasa, nyingi mno kwa karatasi ya maandishi. Inaelekea skana imeachwa kwenye dpi 600 (dpi ni nukta kwa kila inchi). A4 kwa dpi 600 ni pikseli 4960 kwa 7016. Kwa dpi 200 ni 1654 kwa 2339, pungufu mara tisa, na maandishi bado yanasomeka bila shida. Weka 200, rangi, ubora wa kati. Mara nyingi ukurasa utatoka KB 150 hadi 300, kwa hiyo faili zima halitavuka MB 20, na MB 20 kwa kasi yako ni chini ya dakika mbili.

Usiweke "Black & White" eti kupunguza zaidi. Hiyo haina kijivu, ni nukta nyeusi au nyeupe tu. Muhuri wa bluu uliofifia unapotea, na alama ya dole gumba inageuka doa jeusi lisilo na mistari. Mkataba wa namna hiyo mkaguzi akiukataa yuko sahihi.

Steshenari_DoubleRoad

Hilo la iPhone: picha hizo ni HEIC, aina ya faili la picha la iPhone, siyo JPEG. Kubadilisha jina ni kubadilisha lebo ya chupa, mifumo mingi huangalia kilichomo ndani. Ingia Settings, Camera, Formats, chagua "Most Compatible". Kuanzia hapo zitatoka JPEG, ila za zamani zitabaki vilevile.

Kwa fomu, afadhali uache kamera kabisa. Programu ya Files ya iPhone ina "Scan Documents", inanyoosha karatasi na kutoa PDF moja kwa moja. Kwenye Android, programu ya Google Drive ina kitufe cha skani, kazi ni ileile.

Jina la faili la tatu lina #, & na %. Windows inaruhusu, lakini kwenye anwani ya wavuti alama hizo zina kazi nyingine, na mfumo usioandikwa vizuri unachanganyikiwa. Tumia herufi, namba, kistari na mstari wa chini, basi.

Mdau_Njiro

Mbona mnamzungusha? Kuna tovuti kibao za kupunguza PDF bure. Unatupia faili, unashusha dogo.

Fundi_Sakina

@Mdau_Njiro mikataba ya wakulima ina majina, namba za NIDA, pengine na akaunti za benki. Usiitupie seva ya mtu usiyemjua. Halafu MB 84 utazipakia huko kwa kasi ileile ya 1.5, umeokoa nini?

Kama karatasi hazipo tena za kuskani upya, weka Ghostscript, programu ya kushughulikia PDF, kwenye laptopu, inafanya kazi bila intaneti. Kwenye Windows amri ni hii:

gswin64c -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=dogo.pdf kubwa.pdf

/ebook inashusha picha hadi dpi 150. Usitumie /screen, ni dpi 72, mihuri haitasomeka. Na PDF iliyotiwa saini ya kielektroniki usiiguse: ikiandikwa upya, saini inakuwa batili.

Karani_Uru

Asanteni. Network imeonyesha 504, Time 5.0 min. La tatu limepita baada ya kubadilisha jina. Sasa naanza kuskani upya. Je, nikigawanya ile PDF vipande viwili vya kurasa 31 itafaa pia?

Steshenari_DoubleRoad

Itapita, MB 42 kwa kasi yako ni kama sekunde 224. Ila dada/kaka, ukishakaa kwenye skana, igawanye kwa mkulima, siyo katikati. Akija mtu kuulizia mkataba wake utafungua kurasa 62 kumtafuta? Faili moja kwa mwanachama, jina lianze na namba yake ya uanachama na tarakimu zilingane: 0417_mkataba_2025-03-12.pdf. Ukiandika 417 tu, mifumo mingi inayopanga majina kwa herufi itaweka 1032 kabla yake.

Pakia asubuhi kabla ya saa mbili, mnara ukiwa na watu wachache, na simu ya hotspot ikae dirishani huku ikiwa kwenye chaji.