Ndoa na familia kidato cha nne: nirudi kwa noti tu ama niendelee na mjadala?

Mwalimu_Nyando (mwanzisha uzi)

Walimu wenzangu, hamjambo. Naomba ushauri, na tafadhali someni hadi mwisho kabla ya kunirukia.

Nafundisha CRE (elimu ya dini ya Kikristo) na Historia katika shule ya kutwa ya mseto, upande wa Nyando, kaunti ya Kisumu. Kidato cha nne changu kina kila aina ya mtoto: Wakatoliki, Waanglikana, Wasabato, Legio Maria, Nomiya, Roho, watoto wa makanisa ya mahema, na wasichana Waislamu wanaokaa kwenye CRE kwa sababu hatuna mwalimu wa IRE, elimu ya dini ya Kiislamu.

Tulifika mada ya ndoa na familia. Mnaijua ilivyo: mtazamo wa jadi upande huu wa ubao, wa Kikristo upande ule. Nikaandika kwamba kurithi wajane ni mila ambayo kanisa linaipinga. Mvulana mmoja wa nyuma akauliza, "Sasa madam, Boazi alimfanyia nini Ruthu?" Darasa likaangua kicheko. Ndipo msichana mmoja akasema, hata mkono hakuinua, "Mama yangu alimkataa jater. Mpaka leo kaka yangu hajaruhusiwa kujenga simba yake." Kwa wasiotoka huku: jater ni mrithi wa mjane, na simba ni nyumba ya kijana ndani ya boma la baba yake. Kicheko kilikatika hapo hapo.

Kipindi kilichofuata niliacha noti. Tulisoma Kumbukumbu la Torati 25 (sheria ya ndugu kumwoa mjane wa nduguye), Ruthu 4 (Boazi anapomwoa Ruthu, mjane wa jamaa yake), kisha Luka 20, pale Masadukayo wanapomletea Yesu kisa cha mwanamke aliyeolewa na ndugu saba. Halafu nikawaacha wajadiliane. Hata wale wa kusinzia baada ya githeri walikuwa wima.

Wiki haikuisha. Mzazi mmoja, ambaye ni mchungaji, akaja kwa mwalimu mkuu akisema nawafundisha watoto kwamba Biblia inaruhusu tero, yaani kurithi wajane. Mzee mmoja wa halmashauri naye akapiga simu akisema nawafundisha watoto kudharau mila za wazee. Kwa hiyo nimeshtakiwa kwa makosa mawili ambayo hayawezi kukaa kwa mtu mmoja! Mkuu si mtu mbaya, lakini ameniambia nirudi kwa kitabu "tumalize silabasi kwa amani".

Nitii tu niandikishe noti, ama kuna namna ya kufundisha jambo kama hili bila kuhubiri na bila kukimbia? Na yule msichana nimfanyeje?

Alama_Ndizo_Pesa

Madam, tuongee ukweli. Mjadala hausahihishwi. Mwenye kusahihisha ana mwongozo, na hoja isiyo kwenye mwongozo haina alama. Wape noti, wape maswali ya miaka iliyopita. Falsafa watasoma chuoni.

Gor_Damu

CRE ni somo la kujaza nafasi bana. Mbona mnaumia vichwa?

Mzee_Chaki

Wewe wa "kujaza nafasi", nimelifundisha somo hilo Kakamega na Butere hadi nikastaafu, na waliolidharau ndio waliokuja kulia matokeo yakitoka. Tuliache hilo.

Binti yangu, kwanza nikubaliane nusu na huyu wa alama. Karatasi ina maswali sita, mtoto anajibu matano, kila moja alama 20. Lakini angalia sehemu za mwisho za maswali hayo: aghalabu huuliza Wakristo wa leo wafanye nini, ama kanisa lisaidieje. Mtoto aliyekariri tu ndiye hukwama hapo, anaandika "waombe, wafunge, wahubiri" halafu karatasi inabaki nyeupe. Aliyejadili ana cha kuandika. Mwambie mkuu hivyo, kwa lugha ya alama, maana ndiyo anayoulizwa na wazazi.

Sasa la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Usiruhusu tena boma la mtoto liwe mfano wa darasa. Huyo msichana hakutoa hoja, alitoa maumivu ya kwao, na darasa zima limesikia. Kufikia jioni jambo hilo lilikuwa limefika sokoni Ahero, na pengine hivyo ndivyo lilivyomfikia mzee wa halmashauri. Kabla ya mada kama hii mimi nilikuwa naweka sharti: hakuna kutaja jina, jirani wala mzazi. Tunamjadili Ruthu, ama mjane niliyemtunga mwenyewe, nikampa jina, watoto, shamba na shemeji. Ukiwa na mjane wa kutungwa, mtoto anaweza kusema ya moyoni bila mtu kujua anasema ya kwao. Msichana mwite pembeni, pamoja na mwalimu wa ushauri nasaha, umsikilize tu. Usimwambie mama yake alifanya vyema wala vibaya. Hilo si lako.

Mchungaji_Mzazi_Vihiga

Niseme kama mzazi, na kama mtumishi katika kanisa la Friends (Quakers). Ningekuwa mzazi wa hapo, huenda hata mimi ningefika ofisini. Mtoto akirudi nyumbani akasema "mwalimu ametuonyesha kwenye Biblia kwamba shemeji humrithi mjane", mimi nitasikia nini?

Shida ninayoiona, mwalimu, ni kwamba maandiko matatu uliyochagua yote yanazungumzia ile desturi ya Waisraeli. Masadukayo wenyewe walikuwa wanamtega Yesu juu ya ufufuo, hawakuuliza kama kurithi ni kuzuri. Ongeza 1 Wakorintho 7:39, Paulo anaposema mume akifa mwanamke yuko huru kuolewa na amtakaye, katika Bwana tu. Hapo watoto wataona Biblia yenyewe ina sauti zaidi ya moja ya nyakati tofauti, na kwamba Mkristo ana kazi ya kuzipima. Hata kwa Musa, Kumbukumbu 25 inampa shemeji nafasi ya kukataa, ijapokuwa anavuliwa kiatu na kutemewa mate usoni. Waulize wanafunzi: mjane mwenyewe alipewa nafasi gani ya kukataa? Hilo swali peke yake linatosha kipindi kizima.

Na umwalike huyo mchungaji. Si kuhubiri, lakini. Shule ina kile kipindi cha PPI cha kila wiki, cha malezi ya kiroho. Mahubiri yana nafasi yake pale. Aje ajibu maswali ya wanafunzi kuhusu kanisa lake linavyowatunza wajane. Akikataa, utajua alikuja ofisini kutafuta nini.

Binti_wa_Mumias

Asalaam aleikum walimu. Mimi nafundisha IRE huku Mumias, ambako Uislamu uko tangu enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kwa hivyo madarasa ya mchanganyiko ndiyo maisha yetu.

Mwalimu_Nyando, umewataja wasichana wa Kiislamu kwa mstari mmoja ukapita. Katika mjadala wako waliongea? Naapa walinyamaza. Na kwenye jambo hili hasa wana la kusema! Qur'ani, Sura An-Nisaa aya ya 19, inakataza waziwazi kuwarithi wanawake kwa nguvu. Na Sura Al-Baqara aya ya 234 inampa mjane eda ya miezi minne na siku kumi, kisha mambo yake yako mikononi mwake kwa wema. Shemeji anaweza kumwoa, ndiyo, kama mwanamume mwingine yeyote: kwa posa, kwa mahari, na kwa ridhaa yake.

Silabasi ya CRE haitakuuliza hayo, najua. Lakini dakika tano za kusikia dini nyingine imelikabili vipi tatizo lile lile zingewasaidia hata Wakristo wako. Usiwalazimishe hao wasichana kuwa wasemaji wa Uislamu wote, waulize mapema kama wangependa. Wasipopenda, soma aya wewe mwenyewe kwa heshima.

Alama_Ndizo_Pesa

Haya, na wakili naye aje, tufungue bunge.

Karani_wa_Mahakama

Umeniita, nimekuja, na sitakaa sana. Ibara ya 45 ya Katiba inataka ndoa iwe kwa ridhaa huru ya wahusika. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inahesabu kumrithisha mjane kwa lazima kuwa ukatili, na vilevile ile "kumsafisha" mjane kwa tambiko la kulala na mwanamume. Angalia neno "kwa lazima". Sheria haikupiga marufuku mjane kuolewa na shemeji yake akitaka mwenyewe. Ukimpelekea mzee wa halmashauri hilo, utashangaa jinsi atakavyotulia, maana anadhani serikali na kanisa wamekuja kufuta ukoo.

Na kwa mkuu wako: Ibara ya 32 inalinda uhuru wa dhamiri, dini na imani, na hakuna wa kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Mjadala wenye adabu hauvunji ibara hiyo. Kumlazimisha mtoto akubali jibu la mchungaji fulani ndiko kungekuwa na maswali.

Nyakwar_Ugenya

Nimechelewa ila siwezi kupita hapa kimya, hasa baada ya kusoma "falsafa watasoma chuoni".

Profesa Henry Odera Oruka alizaliwa Ugenya, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake 1995. Kazi kubwa aliyoifanya ilikuwa kwenda vijijini kuzungumza na wazee, akiwemo Paul Mbuya Akoko, kuthibitisha kwamba falsafa ilikuwepo hapa bila vitabu. Aliwagawa wazee wenye hekima mafungu mawili. Kuna anayeijua mila barabara na atakusimulia yote, lakini haihoji. Na kuna anayeijua vilevile, kisha akaipima kwa akili yake, hii akaikubali, ile akaikataa, na sababu anazo.

Hii ni zana ya darasani kabisa. Wape watoto kazi ya likizo: kila mmoja amtafute mzee mmoja, babu ama nyanya, si lazima awe wa kwao. Swali la kwanza: mila inasema nini kuhusu mjane, na ilianzia wapi? Mtasikia mengi: watoto wasitawanyike, shamba lisipotee, jina la marehemu lisife. Swali la pili: na wewe mwenyewe, dani (nyanya), unaonaje? Hapo ndipo kazi ilipo. Wengine watarudia la kwanza. Wengine watakaa kimya kidogo, halafu waseme jambo ambalo hujawahi kulisikia kwa mchungaji wala kwa kitabu. Nyanya yangu mwenyewe aliniambia mila ilikusudiwa kumlisha mjane, ikageuka ikawa mjane ndiye anayemlisha jater.

Mtoto akishaona kwamba hata wazee wanahoji mila, na wanaihoji kwa heshima, hakuna mzee wa halmashauri atakayesema umemfundisha dharau. Ni mzee mwenzake kahoji.

Ukitaka kesi ya kweli badala ya mjane wa kutungwa, tumia ya S.M. Otieno. Wakili huyo alifariki Desemba 1986. Mjane wake Wambui alitaka azikwe Upper Matasia, karibu na Nairobi, ukoo wake wa Umira Kager ukataka Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi, akazikwa Mei 1987. Odera Oruka mwenyewe alitoa ushahidi. Kuna ndoa humo, mila, Ukristo na sheria, na hakuna mwanafunzi wako aliyekuwa amezaliwa, kwa hivyo hakuna wa kuumia.

Mzee_Chaki

Hakuna wa kuumia? Kijana, ifundishe hiyo kesi Siaya uone. Lakini ni nzuri.

Mwalimu_Nyando

Asanteni nyote. Nijibu machache.

Mzee Chaki, msichana nimeongea naye, na mwalimu wa ushauri nasaha alikuwepo. Hataki lolote ila wenzake waache kumwangalia wakati wa lanchi. Kwa hiyo kipindi kijacho natumia mjane wa kutungwa, na sharti la kutotaja mtu litaandikwa ubaoni kabla ya tarehe.

Mchungaji wa Vihiga, la 1 Wakorintho nimelipokea. La kumwalika mwenzako nimelifikisha kwa mkuu, akacheka, akasema atalifikiria. Kwa kumjua, hiyo ni karibu na ndiyo.

Nimempa pia mpango wa kipindi ulioandikwa: maandiko, mila, sheria, kisha sehemu za mwisho za maswali matatu ya KCSE (mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne) wazijibu kwa maandishi. Alipoona maswali ya KCSE sura ilibadilika. Amesema niendelee ila yeye aketi nyuma siku hiyo. Sijui kama hilo ni kunilinda ama kunichunguza.

Binti wa Mumias, umepatia. Walinyamaza wote. Nimewauliza, mmoja amekubali kusoma aya na tafsiri yake. Wamesajiliwa CRE, si IRE, na ndicho kitu ambacho sijui nikifanyeje.

Binti_wa_Mumias

Kama usajili wa KCSE umeshapita, usiwababaishe sasa. Waache wafanye CRE, na Luka wanaijua kuliko unavyodhani. Wakikujibu swali la Yesu kwa jina la Isa, mwambie atakayesahihisha mtihani wa ndani asiwakate alama kwa hilo. Na kwa hawa wa gredi ya 10, wa mtaala mpya, ambao wanachagua masomo kulingana na mkondo, mwulize mkuu mapema kama kuna mwalimu wa IRE wa shule jirani anayeweza kuja hata mara mbili kwa wiki. Kondele na Manyatta hamkosi. Nitumie ujumbe faraghani, nina mtu.

Alama_Ndizo_Pesa

Madam, huo mpango wa kipindi unaweza kuupakia hapa? Nauliza tu.