Asidi ya glaikoli ya 70% kwa madoa ya chunusi: naizimuaje?

Binti_Shangani (Mtwara):
Wakuu, habari za saa hizi. Saluni tumeletewa chupa ya glaikoli ya 70%. Wateja wanataka kuchubua uso, madoa meusi ya chunusi yapungue. Wengi ni weusi, na baadhi walikuwa wanapaka mkorogo. Nizimue vipi, niiache dakika ngapi? Na fundi mmoja ananiambia uso ukitoa weupe ndiyo dawa imekubali, ni kweli?

Mfamasia_Lindi:
Dada, hesabu ni nyepesi: mililita 40 za maji yaliyokenekwa, kisha umimine mililita 30 za asidi, unapata 30%. Tatizo si hesabu. Kama haina bafa (kemikali ya kupunguza ukali wa asidi), hata ukiizimua hivyo pH (kipimo cha ukali, ikiwa ndogo ndiyo kali) inabaki chini ya 2, kwa hiyo bado inaunguza. Hiyo chupa iweke kando. Tafuta ya 20% iliyoandikwa pH, iwe 3 hadi 3.5. Mara ya kwanza dakika 1 tu, unaongeza dakika moja kila awamu, usivuke 5, na kati ya awamu na awamu wiki 3 au 4.

Weupe wa glaikoli maana yake umeunguza. Osha papo hapo hata kama sekunde 20 hazijafika. Kwenye asidi ya salisili, asidi nyingine ya kuchubua, ni tofauti: ule unga mweupe ni chembe za dawa iliyokauka, unafutika kwa kitambaa chenye maji. Nadhani huyo fundi amechanganya hivyo viwili. Salisili nayo usimpake mjamzito wala mwenye mzio wa aspirini.

Mikindani_Ngozi:
Naongezea la mkorogo, maana hapo ndipo watu wanaharibikiwa. Krimu zenye steroidi zinapunguza unene wa ngozi, asidi inazama kuliko ulivyokusudia. Ngozi nyeusi ikiungua inajibu kwa kutoa rangi zaidi: mteja alikuja na madoa ya ukubwa wa punje ya mtama, anaondoka na doa la shavu zima, na linakaa miezi. Aache mkorogo miezi kadhaa kwanza. Akiwa na vidoti vya bluu-nyeusi kwenye mashavu, hiyo ni athari ya haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi. Mpeleke kwa daktari wa ngozi, usimpake kitu.

Siku 7 kabla: hakuna tretinoini (dawa ya chunusi ya kupaka), skrabu, liwa wala kunyoa nyusi. Siku yenyewe paka Vaseline pembe za macho, mikunjo ya pua na midomo. Asidi hupenda kutuama hapo.

(Na kabla hajaja wa kushauri mafuta ya ganda la korosho: tazameni vidole vya akina mama wanaobangua kwa mkono, vilivyo vyeusi na kubanduka. Si ya usoni hayo.)

Binti_Shangani:
Ahsanteni. Ya kuzimisha asidi usoni muda ukiisha, naweka bakin soda ikiwa unga?

Mfamasia_Lindi:
Hapana, unga unakwaruza. Gramu 8 kwenye mililita 100 za maji, iwe tayari *kabla* hujafungua asidi. Loweka pamba, anza ulipoanzia kupaka. Povu litatoka na mteja atahisi joto kidogo. Likikoma, osha kwa maji mengi ya baridi. Magamba yakianza siku ya 2 au ya 3 asiyabandue. Krimu ya jua ya SPF 30 kila saa mbili, na kwa jua la huku, kofia juu yake.