Kitabu cha picha kwa mashairi: kazi mnaipangaje, na ubeti huu una kasoro gani?

Kalamu_Changa
Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaoandika mashairi na vitabu vya picha vya watoto wa miaka 4 hadi 7. Kwanza, mwandishi wa kazi hii anaigawaje siku yake? Beti zinazotungwa kwa mkupuo mmoja zinatoka nyingi lakini zote zinafanana. Pili, maneno yawe mangapi? Watu wanataja 500, sijui kama hesabu hiyo inafaa kwa hadithi ya mashairi ya Kiswahili. Tatu, ubeti huu wa kwanza ukisomwa kwa sauti kuna mahali unakwama:

Chura karuka majini,
Mwezi kauona chini,
Akadhani ni sahani
Imezama ziwani.

Kisa chenyewe: chura anajaribu kuitoa hiyo "sahani" ziwani.

Fundi_Mizani
Unakwama mshororo wa 4. I-me-za-ma-zi-wa-ni ni mizani 7, na mitatu ya juu ina 8. Msomaji ameshashika mapigo ya 8, akifika hapo analazimika kuvuta silabi moja au kukata ghafla. Andika "Iliyozama ziwani". Unapata 8, na sentensi nayo inakaa sawa: sahani iliyozama.

Wengi hupotea kwenye M na N. "Mtoto" ni mizani 3, "mbwa" 2, "nchi" 2, kwa sababu M na N hapo zinasimama zenyewe kama silabi. Lakini "mbuzi" ni 2, si 3, na "ndege" ni 2. Ukiwa na shaka piga kofi kwa kila silabi huku ukitamka taratibu: m-bwa, mbu-zi. Usihesabu kwa macho.

Kuhusu vina. Kanuni inaridhika silabi ya mwisho ikifanana. Sikio la mtoto haliridhiki hapo, kwa sababu mkazo wetu unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hiyo ndiyo anayoisikia zaidi. "Chini" na "sahani" vina kina kimoja kwenye karatasi, ila masikioni vinapishana. "Majini" na "chini" vinaimba pamoja. Wewe umepata -ini, -ini, -ani, -ani, mpango mzuri sana; ushike kitabu kizima. Tahadhari moja: hiyo -ni ya mahali inapatikana kirahisi mno. Majini, ziwani, nyumbani, njiani... beti nyingi za namna hiyo zinachosha. Jiwekee kikomo cha beti mbili au tatu. Vitenzi vya -wa na -ana navyo ni hivyo hivyo.

Inkisari ya "karuka" kwa "akaruka" inapita, watoto wanaisikia kwenye nyimbo. Kukata neno katikati ili mizani itimie hakupiti. Na kuboronga sarufi, mfano "ya chura miguu" badala ya "miguu ya chura", achana nako kabisa. Kwenye tarbia ya wakubwa msomaji anarudi nyuma na kutafakari. Huku anasoma mtu mzima aliyechoka, usiku, mbele ya mtoto anayesubiri, na akijikwaa mara mbili kitabu kinafungwa.

Mchoraji_wa_Kurasa
Nijibu la maneno, maana jibu lake liko kwenye kurasa. Kitabu cha picha cha kawaida kina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa na kukatwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Ukizidisha ukurasa mmoja huongezi ukurasa mmoja, unaongeza fungu zima.

Chukua karatasi 8 za A4, zipange pamoja, zikunje katikati, shona au bana kwenye mkunjo. Hizo ni kurasa 32. Zipe namba zote. Ukurasa wa 1 ni jina la kitabu, wa 2 na 3 ni haki miliki na tabaruku. Kuanzia 4–5 hadi 30–31 una jozi 14 za kurasa zinazotazamana, na ukurasa wa 32 unabaki peke yake kwa neno la mwisho au picha ndogo. Wachapishaji hutofautiana kidogo hapo mwanzoni, lakini ukiandikia jozi 14 huwezi kupotea.

Sasa piga hesabu. Ubeti mmoja kwa kila jozi ni mishororo 56. Mshororo wa mizani 8 unabeba kama maneno 3, kwa hiyo kitabu chako kitakuwa na maneno 150 hadi 180. Hizo 500 ni za hadithi ya nathari, na mara nyingi huko nako ni nyingi. Usijazie ili uzifikie. Ukitumia mizani 16 maneno yanakuwa mara mbili, lakini kwa herufi za pointi 24 kwenye ukurasa wa sentimita 20 mshororo unakula karibu upana wote na picha inakosa pa kupumua.

Baada ya hapo kata mistari kwa mkasi na ibandike kwenye hicho kitabu cha mfano kwa gundi isiyoshika sana, kisha soma huku unafunua. Kurasa za kulia zina namba witiri, na mwisho wa ukurasa wa kulia ndipo mtoto anaposubiri. Ubeti wako ukiuvunja hapo, "Akadhani ni..." halafu ukafunua, tayari watoto wameanza kubahatisha.

Na usiandike kitakachochorwa. Rangi ya chura, ukubwa wa ziwa, usiku una nyota ngapi, vyote ni vyangu. Maelezo ya mchoro weka pale tu ambapo maneno yanasema jambo moja na picha inatakiwa kuonyesha jingine, mstari mmoja, usizidi. Wala usihangaike kutafuta mchoraji kabla ya kupeleka mswada. Kwa kawaida mchapishaji ndiye anayemchagua.

Fundi_Mizani
Nakubali, ila kuvunja ubeti kwenye kufunua kuwe mara moja, mbili zikizidi sana. Ukiuvunja kila jozi mapigo yote yanapotea, na mtoto hawezi tena kuushika ubeti kwa kichwa.

Mhariri_Mezani
La siku ya kazi halijajibiwa. Kutunga beti mpya kunachosha haraka kuliko nathari. Dakika 60 hadi 90 asubuhi zinatosha. Beti kufanana kunatokana na kuendelea baada ya sikio kuchoka: mtu anaanza kurudia muundo uleule wa sentensi na vina vilevile. Simama ungali na mshororo mmoja unaoujua, kesho uanzie hapo.

Mchana ni wa kazi isiyohitaji sikio jipya: kubandika kwenye kitabu cha mfano, barua za wahariri, kusoma vitabu vya wengine. Weka daftari la vina lililopangwa kwa silabi mbili za mwisho (-aka, -aki, -ako...), na uandike humo maneno anayoyajua mtoto tu. Marekebisho yafanye jioni au siku nyingine, kwa sauti, umesimama.

Rasimu ikikamilika ifungie wiki mbili. Kisha mpe mtu mzima ambaye hajawahi kuiona, asome papo hapo bila kujiandaa. Wewe usimsomee wala usimsahihishe. Shika nakala yako na utie alama kila anaposita. Akisita mahali pamoja na msomaji wa pili, kosa ni la mshororo. Kwa watoto angalia macho: wakiacha kutazama ukurasa, ama maneno ni mengi ama picha imeshasema yote.

Ukialikwa kusoma darasani, shika kitabu kwa chini kwenye mkunjo, kando ya bega, vidole visifunike picha. Dirisha lisiwe nyuma yako, watoto wataona kivuli tu. Na usifunue mpaka umalize mshororo.

Kalamu_Changa
Asanteni sana. Mshororo wa 4 nimeurekebisha. Ubeti unaofuata umekaaje?

Kaita: Njoo, samaki,
Hapa chini haibaki,
Tuivute kwa mkia
Na kamba ya kufungia.

Fundi_Mizani
Mizani ni 8 yote. "Mkia" umeuhesabu vizuri, m-ki-a. Vina -aki na -ia vimekaa. Ila "kwa mkia" ni mkia wa nani? Chura hana.

Mchoraji_wa_Kurasa
Hapo ndipo maelezo ya mchoro yanaruhusiwa: "kamba imefungwa kwenye mkia wa samaki". Ubeti uache ulivyo, picha itajibu.

Halafu fikiria jozi inayofuata. Kamba ikigusa maji, mwezi utavunjika vipande vipande juu ya mawimbi. Hilo halihitaji ubeti, kwa sababu chochote utakachokiandika kitachelewa kuliko jicho. Kwenye mswada andika "Jozi ya 3: hakuna maneno", weka maelezo ya mstari mmoja, na ujue kitabu kizima sasa kinahitaji beti 13 badala ya 14. Mbili unazo tayari.