Vyuma vya jim ama kukaza bila kusogea: kipi chaleta nguvu?

MjaWaKisauni: Salamu wana-Mombasa. Jim nnayoenda imepandisha ada, na chumba changu nikinyoosha mikono nagusa ukuta huku na huku. Jamaa kaniambia niachane na vyuma nifanye isometriki, yaani unakaza msuli na kitu hakisogei, unasukuma ukuta, plenki (unajiinua kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu), ama unakaa kama uko kwa kiti na kiti hakuna. Ati kuna Mrusi wa zamani, Alexander Zass, alitekwa vita vya kwanza vya dunia akawa avuta minyororo kifungoni, akatoka na nguvu za ajabu. Nataka nguvu, si kifua cha kupigia picha. Nibaki ama nihame?

HamaliKongowea: Nguvu zaja, asikudanganye mtu. Lakini zaja pale pale ulipokaza. Mimi magunia mwaka wa tisa huu, likishakaa begani naweza kusimama nalo nikigombana na tajiri juu ya malipo mpaka yeye ndo achoke. Siku nimefuatana na kijana wangu jim, chuma chepesi kuliko gunia kikanishinda kukitoa chini! Kwa sababu gunia hubebeshwa na wenzangu, silitoi chini mwenyewe.

KochiLikoni: Ami hapo umemaliza somo zima 😂 Goti ukilikaza kwa digrii 90, nguvu zinaongezeka hapo na kama digrii 15 ama 20 kila upande, ukitoka hapo ni kidogo. Kwa hivyo kaza chini, kati na juu, na kama una wakati wa moja tu chagua pale msuli umevutika, hiyo faida yake husambaa zaidi. Na hadithi za sekunde sita usizimeze nzima nzima. Mwaka 1953 Wajerumani wawili, Hettinger na Müller, walisema kukaza sekunde 6 kwa siku kunaongeza nguvu asilimia 5 kila wiki, waliorudia baadaye wakapata pungufu ya hivyo. Miaka ya 60 Marekani ikawa fasheni, wainua vyuma wa kule York, Pennsylvania wakapanda ghafla watu wakasema isometriki hiyo, kumbe kuna waliokuwa wakimeza Dianabol, vidonge vya steroidi vya kukuza misuli.

UmmuSalma: Nyinyi na nguvu zenu, mie nilianza kwa ajili ya presha. 2023 jarida la British Journal of Sports Medicine lilitoa uchambuzi wa majaribio 270, na katika mazoezi yote kukaza ndiko kulikoshusha presha zaidi, hasa kukaa ukutani, ile ya kiti hakuna lakini mgongo umeegemea ukuta. Dakika 2 mara nne, wapumzika katikati, siku tatu kwa wiki. Dakika ya pili mapaja yatetema kama simu, dera lote chokaa mgongoni, na wajukuu wanahesabu polepole makusudi. Ila mwanangu usizuie pumzi, presha yapanda pale pale unapokaza, na kama tayari iko juu muone daktari kwanza.

MjaWaKisauni: Shukran mama. Jana usiku nimejaribu ile ya kukanyaga kitambaa na kuvuta juu, nikachukua leso ya mke wangu, nikahesabu moja, mbili, tatu, ya nne ikalia prrr. Hajanisemesha mpaka saa hizi.

HamaliKongowea: Leso! Pitia sokoni nikupe kamba ya katani, hiyo utaivuta mpaka wewe ndo uchanike.

KochiLikoni: Kamba sawa. Shida yake nyingine kamba haikwambii umevuta kilo ngapi, chuma jana 60 leo 65 unajua umepanda. Mimi ningekuwa wewe ningetafuta jim ya kulipa kwa siku, vyuma mara mbili kwa wiki, siku nyingine kamba na ukuta.

MjaWaKisauni: Ya kulipa kwa siku nimeipata Mtopanga. Sasa natafuta leso, yenye jina la kuomba msamaha, nani ajua duka Biashara Street?

UmmuSalma: Nunua doti nzima, usimletee kipande.