Bajaji ni pesa yangu, kadi ina jina la kaka. Naomba ushauri

Habari zenu wakubwa kwa wadogo.

Mwaka 2023 nilichukua mkopo kazini nikamnunulia kaka yangu mkubwa bajaji, aendeshe yeye Mbagala, mimi niko Mwanza. Tulikubaliana kwa mdomo tu: aniletee hesabu ya 20,000 kwa siku, pesa ya Jumapili iwe yake, matengenezo makubwa juu yangu. Kwa kuwa nilikuwa mbali, kadi ya umiliki ikaandikwa jina lake.

Miezi saba ya mwanzo hakukosa hata siku moja. Tangu hapo ni wiki analeta 60,000, wiki haleti kabisa. Mara klachi, mara tairi, mara kakamatwa na trafiki. Risiti sijawahi kuziona. Mkopo unakatwa kwenye mshahara kila mwezi, na nina watoto wawili shuleni.

Kinachonifunga mdomo ni kwamba huyu ndiye aliyenisomesha baba alipofariki. Aliuza hata baiskeli yake nilipe ada. Nikimpigia kumdai, sauti inanikauka. Mama naye anasema nisimpeleke kaka mbele ya wazee, nitamvunjia heshima.

Nimefikiria kumgeuzia iwe mkataba: alete kidogo kidogo hadi bajaji iwe yake moja kwa moja. Je, tukiandikishana sasa kwa mwanasheria, na kadi bado ina jina lake, karatasi hiyo itanisaidia? Au nianze na mjomba, ambaye kaka humsikiliza? Waliopitia haya na ndugu wa damu, mlianzaje mazungumzo?