MJADALA: Kibali cha mfalme cha kugeuza nyumba kuwa ngome, kilikuwa cha ulinzi au cha sifa?

Mleta mada: Wakuu, England ya karne ya 13 na 14, kabaila akitaka kuzungushia jumba lake ukuta wa mawe wenye meno juu, aliomba kibali kwa mfalme. Wengi husema mfalme alikuwa anawabana wakubwa wasije wakamwasi. Mimi sikubaliani. Waliopewa ni wengi, wakiwemo wafanyabiashara. Lawrence wa Ludlow, tajiri wa sufu, alipewa na Edward I mwaka 1291 kwa ajili ya jumba lake la Stokesay, jirani na Wales. Tazameni ukumbi wake: madirisha marefu mpaka upande wa nje! Anayeogopa kuvamiwa hajengi hivyo. Muuza sufu alikuwa anatangaza kwamba naye sasa ni bwana.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umechagua mfano unaokufaa. Ngome ya Bodiam, kule Sussex, je? Mwaka 1385 Richard II alimpa kibali Edward Dalyngrigge, mpiganaji mzoefu wa vita vya Ufaransa, na hati yenyewe inataja kulinda eneo lile dhidi ya maadui. Miaka minane nyuma Wafaransa walikuwa wameuchoma mji wa pwani wa Rye, si mbali na hapo. Hiyo nayo ni sifa? Halafu Henry II alibomoa ngome kibao zilizojengwa bila ruhusa wakati Stephen na Matilda wakigombea kiti cha ufalme kabla yake. Mfalme asiyejali habomoi.

Mleta mada: Henry II ni karne ya 12, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Usimchanganye na hawa. Bodiam nakupa nusu. Ile hati ilibidi itaje maadui, maana ndiyo lugha ya kuombea. Ila maji yanayoizunguka yamezuiwa na tuta la udongo, na jeshi lenye majembe lingelikata likayamwaga yote.

Mchangiaji wa pili: Wote mmeiruka ngome ya Cooling, kule Kent. John de Cobham alipata kibali mwaka 1381, kisha akabandika langoni bamba la shaba lililochongwa kama hati, na muhuri wake, likisema ngome imejengwa kuisaidia nchi. Limeandikwa kwa Kiingereza, si Kilatini cha makarani. Adui Mfaransa anayekuja kwa meli hasomi hilo. Anayesoma ni jirani, na mwaka uleule wakulima wa Kent waliasi wakaandamana mpaka London. Mleta mada, hapo sifa unaitenganishaje na ulinzi?