Tupeane uzoefu: umewahi kuishia mlangoni mwa bustani kwa sababu ya kiti mwendo, magongo au fimbo nyeupe?

Wana Mtwara na Lindi, salaam.

Jumapili iliyopita nilimtoa mdogo wangu akapunge upepo. Ana miaka 24 na anatumia kiti mwendo tangu utotoni. Tulitoka Chikongola kwa bajaji, kiti kimekunjwa nyuma, tumebeba ming'oko, ile mizizi yetu ya porini ya kuchemsha, na chupa ya chai. Kufika kwenye bustani tukakuta pamesimikwa mabomba matatu ya chuma, yamemwagiwa zege chini, kuzuia bodaboda. Lakini bodaboda wanazunguka upande wa pili, ua umebomoka, wanaingia. Kilichokwama ni kiti. Nikapima kwa mkono: kati ya bomba na bomba ni shubiri mbili na nusu.

Wakaja vijana wawili, wastaarabu kabisa, wakataka kumnyanyua yeye na kiti chake wamvushe juu. Akakataa. "Dada, mimi si gunia la korosho." Tukala ming'oko yetu nje, ukingoni mwa mtaro, bembea tunaziona kwa mbali.

Wiki nzima neno lile halijanitoka. Nani mwingine yamemkuta? Na kama umeona pahali pametengenezwa vizuri, sema pia. Majina ya sehemu na ofisi tuyaache, tuongelee vitu vyenyewe.

fimbo_nyeupe, Lindi
Pole kwa mdogo wako, namwelewa sana. Mimi sioni. Watu wakisikia bustani na asiyeona, wanafikiria shimo na mtaro usiofunikwa. Hivyo fimbo inavigundua. Kinachoniumiza ni matawi. Fimbo inapapasa chini, tawi la mwembe liko usawa wa uso. Mwaka jana nilichanika juu ya jicho, na njia ilikuwa imefagiwa vizuri, sina la kulaumu chini. Wakikata matawi yote yaliyo chini ya kimo cha mtu mrefu aliyenyoosha mkono, wametusaidia kuliko wanavyodhani.

Jambo jingine ni ukingo wa njia. Njia yenye ukingo ulioinuka kidogo naifuata kwa fimbo mpaka mwisho bila kumshika mtu mkono. Njia iliyochanganyika na mchanga inanipoteza, nazunguka palepale. Jioni nikikaa upande wa bahari nasikia makuti, nasikia watu wanauza pweza, nafurahi kama mwingine yeyote. Ninachotaka ni kufika pale mwenyewe.

mama_wa_mmoja, Mtwara
Mwanangu ana mtindio wa ubongo, ana miaka saba. Anapenda bembea kupita kiasi, ila shingo na mgongo havijakaza, bembea ya ubao tupu hawezi. Baba yake alichukua kiti cha plastiki kilichovunjika miguu, akakitoboa, akakifunga kwa kamba na kukipitisha mkanda kifuani, akakitundika kwenye mkorosho wa nyumbani. Siku ya kwanza mtoto alicheka mpaka akapaliwa. Tangu hapo watoto wa jirani wanakuja kwetu kupanga foleni ya bembea yake! Gharama yake kamba na mkanda tu. Kwa nini kwenye bustani isiwepo hata moja ya hivyo?

mzee_wa_mikindani
Wanangu, sina nia mbaya, ila shule na zahanati ngapi bado zina ngazi tupu? Tungeanza na huko, bustani ifuate.

mama_wa_mmoja, Mtwara
Shikamoo baba. Neno lako nalipokea, ila kwa mtoto mchezo si wa kufuata. Mwanangu zahanati anakwenda akiumwa; watoto wenzake anakutana nao wapi? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, Tanzania imeuridhia mwaka 2009, na Ibara ya 30 inataja michezo na burudani kwa watoto wenye ulemavu sawa na wenzao. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu nayo ipo tangu 2010. Vyote viwili vinahitajika, baba, na kimoja hakimzuii mwenzake.

mzee_wa_mikindani
Marahaba mwanangu. Hapo kwenye wenzake umenigusa.

fundi_zege
Niseme ya ufundi, maana makosa mengi ni yetu. Mteremko wa kiti ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda, sentimita 12 za kwenda mbele. Kingazi cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Sisi tunamwaga zege la sentimita 60 na kuondoka. Ule ni mtego, mtu anabinuka kinyumenyume na kiti chake.

Mlangoni acha sentimita 90 zilizo wazi. Kiti chenyewe ni kama 65, lakini yumo mtu anayesukuma magurudumu, viwiko vinatoka nje. Kweli, kwenye 90 bodaboda naye anapita, ndiyo maana tunasimika mabomba. Dawa yake ni geti dogo la bawaba na mlinzi wa kulifungua, na ule ua uliobomoka uzibwe kwanza.

Halafu pevingi, yale matofali ya kupanga njiani. Mchanga wetu huku usiposhindiliwa vizuri kabla ya kupanga, mvua ya Januari moja tu zinazama upande mmoja, gurudumu dogo la mbele linanasa. Nimezing'oa na kuzirudia mara nyingi.

magongo_mawili
Choo. Nakwenda bustanini sinywi maji tangu asubuhi, kwa sababu choo ni cha kuchuchumaa, sakafu imelowa, hakuna hata bomba ukutani la kushikilia. Mwanamke wa magongo ataelewa nasema nini.

jua_kali, Masasi
Nina ualbino. Kwangu mimi kivuli ndiyo mlango. Viti vyote vikiwa juani, hata kofia pana haitoshi, kabla ya saa kumi sina pa kukaa. Mkipanda miti, pandeni karibu na viti.

bajaji_mkanaledi
Mimi nawabeba sana. Naambiwa nishushe ng'ambo ya barabara, abiria avuke na magongo kati ya magari. Wakiacha nafasi ya bajaji moja tu karibu na mlango, inatosha.

(aliyeanzisha)
Mdogo wangu nimemsomea yote, ya matawi amenirudisha mara mbili. Ameomba futikamba. Jumamosi saa kumi tunarudi palepale, anapima mwenyewe, Jumatatu tunakwenda kwa mtendaji wa kata na vipimo vyake. Aliye karibu, mwenye kiti, magongo au fimbo, karibu sana. Ming'oko nabeba mimi.